Kisa cha Aqua ya Mwalimu: kilomita 13 kwa lita, na mlima uliolaumiwa bure

Mwalimu alifika gerejini kwangu Uyole, Mbeya, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, kavaa koti zito, mkononi ana daftari la mistari, lile la kurasa arobaini lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Jina lake nitalihifadhi. Anafundisha hisabati mjini, amebakiza miaka miwili astaafu, na ana shamba la migomba karibu na Tukuyu ambako huenda kila wikiendi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Nimekuja unisaidie kusahihisha hesabu. Kati yangu na hili gari, kuna mmoja anadanganya."

Gari lenyewe ni Toyota Aqua ya mwaka 2013, haibridi, injini ya sentimita za ujazo 1,500 na mota za umeme. Alilinunua kwa sababu moja tu: aliambiwa linakwenda kilomita 35 kwa lita. Kwa daftari lake, lilikuwa linakwenda 12. Gari alilouza ili anunue hili, saluni ya kawaida ya cc 1,500, lilikuwa linampa 13. Yaani kahama kutoka petroli kwenda petroli na umeme, akapata hasara ya kilomita moja.

Kabla ya kuja kwangu alipita gereji nyingine mjini. Walifungua boneti, wakafunga, wakamwambia betri kubwa imekufa, atafute milioni mbili na nusu. Na wakaongeza sababu ambayo hapa Mbeya utaisikia kwa kila mtu: haibridi ni gari za Dar, za tambarare, milima ya huku inazimaliza.

Nimeandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ya hiyo sentensi ya mwisho. Naisikia kila wiki.

Daftari

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye daftari, na mwenyewe aliliona kabla sijalitaja. Safu moja ilikuwa ya kilomita, nyingine ya shilingi. Safu ya lita haikuwepo. Mwalimu, kama wengi wetu, hununua "mafuta ya elfu ishirini", leo sheli hii, kesho sheli ile. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo kila mwezi, bei hupanda na kushuka, lakini yeye mwezi mzima aligawa kwa elfu tatu ili hesabu iwe nyepesi. Kilomita 1,140, shilingi 285,000, kwa hiyo lita 95, kwa hiyo kilomita 12 kwa lita. Na siku alipoanza kuandika tenki lilikuwa na kiasi gani? Hajui. Siku alipofunga hesabu? Hajui.

"Mwanafunzi akiniletea hii nampa sifuri," akasema.

Nikamwambia asivunjike moyo, jibu lake huenda haliko mbali na ukweli, ila hatuwezi kutengeneza gari kwa jibu la kubahatisha. Kwa hiyo siku ile sikushika spana. Nilimtuma sheli iliyo karibu, ajaze mpaka pampu ikate yenyewe, aandike kilomita, atembee kama anavyotembea siku zote, na akihitaji mafuta arudi sheli ileile, pampu ileile, ajaze tena mpaka ikate. Tenki la Aqua ni lita 36, halihitaji subira kubwa.

Alirudi baada ya siku tisa: kilomita 412, lita 31.7. Ukigawa unapata 13.0. Hiyo ndiyo ikawa namba yetu ya kuanzia.

Kuhusu hiyo 35. Si uongo, ila si ya kwetu, wala si ya Mjapani anayeendesha barabarani. Kipimo cha Japani cha wakati ule, kinachoitwa JC08, kiliipa Aqua kilomita 35.4 kwa lita. Ni kipimo cha maabara: gari liko juu ya rola, hakuna mlima, hakuna upepo, hakuna mikungu ya ndizi. Marekani, ambako gari hilihili liliuzwa kwa jina la Prius c, kipimo chao kiliandika wastani wa maili 50 kwa galoni, ambayo ni kama kilomita 21 kwa lita. Nikamwambia Mwalimu tuitafute hiyo 21. Tukiipata kwa barabara zetu, gari ni zima na ameshinda.

Vitu vitatu vya spana

Hapa nitapita haraka, ni mambo ambayo fundi yeyote aliyetulia angeyaona.

Upepo wa matairi ulikuwa chini kwa kati ya alama (psi) saba na tisa kwa kila tairi, ukilinganisha na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mwalimu alisema aliyejaza alimwambia upepo mdogo unashika barabara ya milima vizuri. Unachoshika ni mfuko wako.

Oili ilikuwa 20W-50, ile nzito. Kikaratasi cha gereji kilikuwa bado kimening'inia kwenye boneti. Injini hii iliundwa itumie oili nyepesi, 0W-20. Haibridi huzima na kuwasha injini mara nyingi kwa siku, na katika baridi ya Uyole ya saa kumi na mbili asubuhi, kuizungusha ndani ya 20W-50 ni kama kusonga ugali kwa kijiko cha chai. Watu humimina oili nzito kwa nia njema, wakidhani injini ndogo milimani inahitaji ulinzi. Kwa injini kuukuu inayokula oili sitabishana nao sana. Kwa hii, hapana.

La tatu ni breki, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu.

Nilimwomba tuzunguke naye mpaka Igawilo na kurudi, kisha tukasimama. Nikapitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Nyuma kushoto, vuguvugu. Nyuma kulia, vuguvugu. Mbele kushoto, joto la kawaida. Mbele kulia nikarudisha mkono haraka, na harufu ya pedi ikanijia puani kabla sijainama. Tuliponyanyua gari kwa jeki na kuzungusha tairi kwa mkono, upande wa kushoto lilizunguka karibu mizunguko miwili likasimama lenyewe. Upande wa kulia lilizunguka robo, likanung'unika, likakwama. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, ilikuwa imeganda ikiwa imebana. Pini zake zilikuwa kavu, grisi imekuwa kama lami, na pedi ya ndani imebaki unene wa sarafu wakati ya nje ni nzima.

Mwalimu alikuwa anaendesha gari lililofungwa breki nusu, asubuhi mpaka jioni. Na kwenye haibridi hasara hii ni mara mbili. Gari la kawaida lililobanwa breki linakula mafuta zaidi, basi. Haibridi iliyobanwa inakula mafuta zaidi na pia inanyimwa umeme: ukiachia pedali, mwendo ambao mota ingeugeuza kuwa chaji umeshaliwa na pedi.

Tulisafisha kalipa, grisi mpya, pedi mpya pande zote mbili, oili ya 0W-20, upepo kwa kibandiko. Kipimo cha pili: kilomita 438, lita 26.2. Hiyo ni 16.7 kwa lita.

Nikiri kosa langu hapa. Nilifanya mambo matatu kwa siku moja, kwa hiyo siwezi kukwambia oili ilichangia ngapi na breki ngapi. Uchambuzi mzuri hubadili kitu kimoja, ukapima, ukabadili kingine. Lakini huwezi kumrudisha mtu barabarani na breki inayonuka ili upate jedwali zuri. Kwa maoni yangu, breki ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa.

Kwa nini kalipa moja iungue?

Swali hili lilinikera. Pini hukauka kwa uzee, sawa, gari lina umri. Ila diski zote mbili za mbele zilikuwa na rangi ya bluu-bluu, alama ya chuma kilichopata joto kali mara nyingi. Mtu wa Uyole kwenda Mafiati hapati joto hilo. Nikamwambia Mwalimu Jumamosi ijayo tunakwenda wote shambani, yeye anaendesha, mimi nakaa tu.

Anayeijua barabara ya Tukuyu anajua inavyokwenda: kutoka Uyole unapanda Igawilo, unaendelea kupanda safu ya Uporoto hadi unapita mita elfu mbili, ukungu unakukuta Isyonje, halafu baada ya Isongole unaanza kushuka kuelekea Kiwira. Mwalimu alipanda vizuri, taratibu, lori likimpita hajali. Mteremko ulipoanza akaachia mafuta, na alama ya betri kwenye dashibodi ikaanza kupanda. Dakika chache, ikajaa. Mara injini ikaanza kunguruma, kwa nguvu, wakati mguu wake haupo hata kwenye pedali.

"Umesikia?" akaniuliza. "Ndiyo linavyokunywa. Mteremko, sijakanyaga, linajiwashia lenyewe linakunywa." Na papo hapo akasukuma mkono wa gia kwenda N, yaani frii. Mngurumo ukatulia. Akatabasamu kama mtu aliyemkamata mwizi, na mguu wake ukahamia kwenye breki, ukakaa huko mpaka Kiwira.

Nikapata jibu la diski za bluu.

Kwa sababu hili ndilo linalowapata madereva wengi wa milimani, nitalieleza kwa hesabu, tena ile ya Mwalimu mwenyewe, tuliyoifanya nyuma ya daftari tukiwa tumekaa kibanda cha chai Kiwira.

Aqua ikiwa na watu wawili na mzigo kidogo ina uzito kama wa kilo 1,250. Ikishuka mita 100 kwa wima, nguvu ya uzito inayoachiwa ni 1,250 mara 9.8 mara 100, yaani jouli milioni 1.2 na ushee. Kwa lugha ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, hiyo ni theluthi moja ya uniti, yaani kilowati-saa. Betri kubwa ya Aqua ni voti 144 na ampea-saa 6.5; ukizidisha unapata uniti 0.94. Lakini kompyuta hairuhusu ijae kabisa wala iishe kabisa. Inacheza katikati, takriban kati ya asilimia 40 na 80, ili idumu. Sehemu inayotumika kweli ni kama uniti 0.37.

Mwalimu aliziangalia hizo namba mbili, akapiga mstari chini yake. Theluthi moja kwa kila mita mia. Betri nzima, 0.37. "Kwa hiyo mita mia moja na kidogo, imejaa."

Kimsingi ndivyo. Barabarani inachukua zaidi, kwa sababu upepo na matairi vinakula sehemu, na mota nazo hazirudishi kila kitu. Tuseme mita mia mbili. Lakini kutoka Isongole unashuka mamia ya mita. Mlima unakupa ndoo nzima, wewe umebeba kikombe.

Kikombe kikijaa, gari lifanye nini na kinachobaki? Hapo ndipo mngurumo unapotoka. Kompyuta hutumia mota kuizungusha injini, mafuta yakiwa yamekatwa, ili injini iwe breki na imalize umeme uliozidi. Injini inanguruma, lakini hainywi. Inapumua hewa tupu. Mwalimu alikuwa anaizima breki ya bure aliyopewa na gari, kisha anateketeza pedi na diski badala yake.

N kwenye haibridi ina mabaya mengine. Gari likiwa kwenye N, mota hazichaji betri, kwa hiyo hata ile chaji ya bure ya mwanzo wa mteremko unaikosa. Na kama injini ilikuwa inawaka ulipoingiza N, inaendelea kuwaka kwa mafuta yako. Mazoea ya kuachia frii kwenye miteremko tumeyarithi kwa madereva wa malori ya zamani, na hata huko hayajawahi kuwa salama. Waulize wanaokaa Iwambi, pale mteremko unapoelekea Mbalizi.

Nikamwonyesha herufi ambayo hakuwahi kuigusa, B. Kumbe alishaambiwa na mtu kuwa B ni "betri", ukiweka linachaji zaidi, akajaribu mjini wiki nzima, akaona ulaji umezidi, akaiacha. Kweli B ilimwongezea ulaji mjini, maana kazi yake ni kuifanya injini ishike mapema, hivyo mwendo ambao ungekwenda kwenye betri unapotea kwenye injini. B ni ya mteremko mrefu ambao betri imeshajaa: Isongole kushuka, Kitonga kushuka. Ukifika chini, unarudisha D. Ni hayo tu, sina la kuongeza juu ya B.

Betri iliyosingiziwa

Sasa ile ya milioni mbili na nusu. Nilichomeka skana nikasoma betri tukiwa tunapanda kurudi Uyole, kwa sababu betri mbovu hujificha ikiwa imepumzika, hujionyesha ikibeba. Betri hii ni moduli 20 zilizofungwa mfululizo. Moja ikifa, voti yake huporomoka unapokanyaga na kuruka unapoachia, wenzake wakiwa wametulia. Zake zilikwenda pamoja, tofauti kati ya ya juu na ya chini haikufika nusu voti hata tukiwa tunapanda kwa nguvu. Betri hii haijafa.

Ila ilikuwa na joto: nyuzi 49, feni inavuma mpaka unaisikia kiti cha nyuma. Kwenye Aqua betri iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia tundu lenye wavu, chini pembeni mwa kiti hichohicho. Nikashuka na tochi. Kava la kiti, lile la kushona la maua, lilikuwa limeangukia wavu nusu. Nyuma yake kulikuwa na ganda la vumbi jeusi, udongo wa viazi wa Isyonje, maana Mwalimu akirudi shambani hupitia hapo kununua gunia, na gunia hukaa kiti cha nyuma. Nilipofungua feni, mapezi yake yalikuwa yamejaa kiasi kwamba nilitoa uchafu kwa mswaki wa zamani, pezi moja moja, na ndani yake zilikuwamo nyuzi za jani la mgomba.

Betri ikipata joto, kompyuta huilinda: hupunguza umeme unaoingia na unaotoka. Dereva haoni taa yoyote. Anaona tu kwamba injini inawaka mapema, inachelewa kuzima, na breki hairudishi chaji kama zamani. Aliyemwambia betri imekufa aliona dalili za kweli, ila hakuinama kuchungulia chini ya kiti. Usafi ule ulichukua saa moja na nusu. Baada ya hapo safari ileile ya Tukuyu ilisoma nyuzi 38.

Baridi ya asubuhi

Hili ni dogo, ila linauma wakazi wa Mbeya kuliko wa Dar. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ya Uyole inashuka chini ya nyuzi 10. Injini baridi haikubali kuzima mpaka ipate moto, kwa hiyo kilomita nne za mwanzo unaendesha gari la petroli la kawaida. Safari ya Mwalimu ya kwenda shule ni kilomita nane. Nusu ya safari haibridi haijaanza kazi!

Kisha anawasha hita. Hita ya gari hili inachota joto la maji ya injini, na ukiidai joto ukiwa umekwama kwenye foleni ya Kabwe, injini itawaka ili ikupe. Nilimshauri avae sweta la pili ndani ya koti na asubiri mpaka Ilomba ndipo awashe. Alinitazama kwa muda. Lakini alifanya. Na akaacha pia kubonyeza kitufe cha EV kila anapotoka getini ili "atoke kwa umeme": umeme ule ulitokana na petroli ya jana, na ukiumaliza getini, injini baridi inaanza siku kwa kubeba gari na kuchaji betri kwa pamoja.

Kipimo cha tatu, baada ya feni kusafishwa, N kuachwa na sweta kuvaliwa: kilomita 471, lita 23.4. Gawanya: 20.1.

Na mwinuko wetu je? Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu ya Dar kwa karibu asilimia 18. Injini kweli inapoteza nguvu, utaisikia ukipita lori mlimani. Lakini kupoteza nguvu na kunywa mafuta ni vitu viwili. Hewa nyepesi pia hulipa gari upinzani mdogo. Sijaona sababu ya kuulaumu mwinuko kwa hata lita moja ya zile zilizopotea.

Siku aliyokwama

Kuna jambo ambalo Mwalimu alinieleza mwishoni kabisa, kwa aibu kidogo. Miezi mitatu kabla ya kuja kwangu alikuwa anarudi kutoka msibani Njombe. Makambako hakujaza, kwa sababu kompyuta ya gari ilionyesha kilomita zinazotosha. Taa ya mafuta iliwaka Igawa. Akaendelea kwa amani: alipofika Chimala kompyuta ilisoma 80, na Chimala hadi Uyole haifiki sabini kwa hesabu yake. Alipoanza kupanda kutoka Igurusi, namba ikaanza kuporomoka: 41, 26, 9, mistari. Akapita Inyala. Kwenye mlima wa kuja Uyole injini ikazima, naye, kwa kuwa gari bado linatembea kwa umeme, akaendelea kukanyaga. Mita mia chache. Kisha pembetatu nyekundu ya onyo kwenye dashibodi, na kimya.

Namba ile ya "kilomita zilizobaki" haipimi barabara iliyo mbele. Inachukua mafuta yaliyomo na kuyazidisha kwa ulaji wa kilomita ulizotoka. Na Mwalimu alitoka wapi? Makambako iko juu, zaidi ya mita 1,600. Kutoka hapo unashuka hadi bonde la Usangu, mita 1,100 hivi. Kompyuta ikasoma mteremko, ikafurahi. Mbele yake kulikuwa na mita zaidi ya 600 za kupanda tena. Njia hii, kutoka mashariki kwenda Mbeya, ndiyo mbaya zaidi kwa hiyo namba katika barabara zote ninazozijua huku, kwa sababu inakudanganya mahali sheli ziko, na inakwambia ukweli mahali hazipo.

Na kukanyaga baada ya injini kuzima lilikuwa jambo la hatari zaidi ya aibu. Aqua haina stata ya kawaida. Injini inawashwa na mota kwa umeme wa betri kubwa. Ukiimaliza hiyo betri, hata ukiletewa pipa la petroli gari haliwaki, na bodaboda na kidumu hawakusaidii. Yeye alibahatika, ilikuwa imebaki kidogo. Waliweka lita tano, jaribio la tatu likawaka.

Tukaweka sheria moja kwenye daftari, upande wa ndani wa jalada: lita zilizobaki ni 36 kutoa zilizotumika, na ukiwa unakuja Uyole kutoka chini, zidisha kwa 16, si kwa 20.

Mwezi wa nane alikwenda Iringa kwa harusi ya mpwa wake, tenki limejaa kutoka Uyole. Jumapili jioni akanipigia kutoka Makambako.

"Kijana wangu, gari linasema kilomita 290. Nijaze au nisijaze?"

"Shikamoo Mwalimu. Daftari linasemaje?"

Nikasikia kurasa. "Nimetembea 489. Kwa 20, nimetumia lita 24 na nusu. Zimebaki kumi na moja na nusu. Mara 16..." akanyamaza kidogo, "184. Uyole ni kama 160."

"Unaamua nini?"

"Kilomita ishirini na nne za akiba, usiku unaingia, na mama watoto yumo garini. Natia lita tano."

Alifika saa mbili kasoro, akapitiliza sheli ileile, pampu ileile, ikakata kwa lita 24.6. Ukijumlisha na tano za Makambako ni 29.6, kwa kilomita 652. Alikuja kunionyesha kesho yake: 22.0, ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu kama anavyosahihisha. Kikapu cha Iringa alichomletea mke wangu kilikuwa kiti cha mbele, kimefungwa mkanda. Kiti cha nyuma kulikuwa kutupu mpaka kwenye wavu wa feni.